Baba mstaafu anataka kuoa tena: pensheni, bima na mirathi vinakuwaje

Mbukwenyi wote. Nimesoma uzi wa binti wa Mpwapwa, na majibu mengi aliyopewa yamenisikitisha, maana wengi wanamwambia "mzuieni mzee asioe, pensheni itaondoka na mke mpya". Kwa ambao hawakuanza nao mwanzo: baba yake ni mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu 2016, mama yao alifariki mwaka jana, na sasa mzee anataka kumuoa mama mmoja waliyefahamiana kanisani. Ndugu wamegawanyika. Kaka mkubwa ndiye anayeshika kadi ya benki ya mzee. Binti anauliza mambo matatu: pensheni itabadilika? Bima ya afya itakuwaje? Na mzee akitangulia mbele za haki, nani atalipwa?

Mwanangu, mimi nilikuwa afisa utumishi kwenye halmashauri za mkoa huu wa Dodoma mpaka nilipostaafu, na hadi leo hapa Nkuhungu wastaafu na wajane huniletea bahasha zao tuzipitie. Shida zao karibu zote zinaangukia pale pale: mfuko wa pensheni haujui ndoa, talaka wala msiba mpaka karatasi iingie kwenye jalada. Ukoo mzima unaweza kujua kwamba fulani alimwacha mkewe zamani. Jalada halijui.

Nianze na pensheni yenyewe kwa sababu hiyo ni nyepesi. Kuoa hakuiongezi wala hakuipunguzi. Pensheni hukokotolewa mtu anapostaafu, kwa kutumia miezi aliyochangia, wastani wa mshahara wake na kanuni zinazotumika wakati huo. Mwalimu wa 2016 aliyekuwa PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma wa wakati huo, alilipwa nusu kwa mkupuo na iliyobaki akawa anaipata kila mwezi. Waliostaafu kuanzia Julai 2022 walikuta mkupuo wa asilimia 33, na 2024 ukapandishwa kufika 40 kwa kundi lililokuwa linapata nusu. Hakuna mahali katika hesabu hizo panapouliza kama una mke. Mzee wenu hata akioa kesho, mwisho wa mwezi ataona kiasi kile kile.

Hofu ya kaka zako, naona, ni kwamba mke mpya atarithi pensheni na kuila miaka 20. Haiendi hivyo. Mstaafu akifariki, pensheni ya kila mwezi inakoma, na wategemezi wanalipwa mkupuo wa miezi 36 wa ile pensheni aliyokuwa anapata. Kama mzee anapokea 300,000 kwa mwezi, mkupuo ni 10,800,000. Basi. Mtoto mtu mzima mwenye kazi yake hahesabiwi kuwa mtegemezi eti kwa sababu ni mtoto wa marehemu, kwa hiyo kaka mkubwa asijipigie hesabu ya fungu ambalo huenda si lake. Mke wa ndoa halali, huyo ni mtegemezi. Na hapo kwenye neno halali ndipo familia nyingi zinapokwama.

Nitoe mfano mmoja niliousimamia kwa karibu, nikificha majina. Dereva mstaafu wa Bahi alioa kanisani ujanani. Baadaye wakaachana kienyeji, mke akarudi kwao, mwanaume akahamia mjini, Chang'ombe, akaishi na mama mwingine miaka mingi. Mama huyu ndiye aliyemuuguza, akimwogesha na kumgeuza kitandani mpaka siku ya mwisho. Baada ya arobaini wote wawili walikuja. Yule wa kwanza alifungua kitenge chake, akatoa mfuko wa nailoni, ndani yake cheti cha ndoa kilichokunjwa mara nne, kina doa la kutu pale pini ilipokuwa. Karatasi ile ndiyo iliyosema. Ndoa ya kanisani haijawahi kuvunjwa mahakamani, kwa hiyo mke machoni pa sheria alikuwa yeye. Wa pili alikuja na barua ya mtendaji wa mtaa inayosema "anatambulika kama mke". Nilimhurumia sana, na bado namkumbuka.

Watu humwambia mama kama huyo asiwe na wasiwasi, kwani mkiishi pamoja miaka 2 mmeshakuwa mke na mume. Hali hiyo Sheria ya Ndoa ya 1971 inaiita dhana ya ndoa, yaani mnadhaniwa tu kuwa mmeoana, na inaweza kupingwa. Ni mahakama inayoamua, si jirani wala mwenyekiti wa mtaa, na haimsaidii mtu aliyeishi na mwanaume ambaye bado ana ndoa hai ya mke mmoja. Ndiyo maana nawaambia wazee wangu, hasa wanaume: kama mmeachana, vunjeni ndoa kwa utaratibu. Mnaanzia baraza la usuluhishi la ndoa, likishindwa linatoa hati, mnakwenda nayo mahakamani. Hata ndugu zetu wa Kondoa wenye talaka ya Kiislamu wasiishie kwa shehe, waifikishe mahakamani na iandikishwe.

Na kwa kuwa nimegusa talaka: mume au mke aliyeachwa hakatiwi nusu ya pensheni moja kwa moja kule kwenye mfuko. Kinachogawanywa ni mali mlizochuma pamoja, na nyumba iliyojengwa kwa mkupuo wa kustaafu inaweza kuwa mojawapo. Kazi ya mama wa nyumbani inahesabiwa kuwa mchango. Mahakama ya Rufani ilishasema hivyo 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seif. Mzee asidanganywe kwamba kila kitu ni chake kwa sababu mshahara ulikuwa wake.

Turudi kwa baba yako. Yeye ni mjane, njia iko wazi. Aoe, ila aoe kwa cheti. Taarifa ya kusudio la ndoa hutolewa siku 21 kabla. Lakini kabla ya hapo, kifo cha mama yenu kiwe kimesajiliwa RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, na cheti cha kifo kimetoka. Nimeona wazee wengi wenye kibali cha mazishi tu, wanadhani yamekwisha. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Cheti kile nakala yake iende PSSSF, mfuko unaomlipa pensheni sasa, na kwenye mfuko wa bima, na baada ya ndoa cheti cha ndoa kifuate. Kwa kuwa baba alistaafu kabla ya Agosti 2018, wakati mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF haijaunganishwa kuwa PSSSF, akague pia kama taarifa zake zote zilihamia sawasawa: mwenza, watoto, simu, akaunti. Makao makuu yako hapa hapa Dodoma.

Majina nayo ni donda la huku kwetu. Mwalimu aliajiriwa kama Yohana, benki wakamwandika John, NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, wakaweka jina la babu badala ya la baba. Akiwa hai anarekebisha kwa kiapo, au kwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Akishafariki, msimamizi wa mirathi ndiye atakayehangaika kueleza kwamba hao watatu ni mtu mmoja. Mwambie baba aweke vitambulisho vyote mezani siku moja, avilinganishe herufi kwa herufi, na cha mama mtarajiwa kiwemo.

Bima ya afya: mtumishi akistaafu, NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, inaendelea kumhudumia yeye na mwenza wake, si watoto tena. Mke mpya usimhesabu kwamba amerithi nafasi ya mama yenu. Mzee aulize ofisi yao ya mkoa, apeleke vyeti, na mpaka mama huyo apokelewe kwa maandishi, mpange fedha zake za matibabu pembeni. Kadi ya marehemu isitumike hata mara moja.

Sasa hilo la kadi ya benki, ambalo umelitaja kwa ufupi lakini ndilo linalonitia hofu kuliko ndoa. Kaka anashika kadi na namba ya siri, mzee analetewa anachoambiwa kimeingia. Irudi kwa mwenyewe. Kama miguu imemchosha, afanye hati ya uwakilishi ya kisheria, na ndugu wote wajue nani amepewa na kwa mambo gani. Uhakiki wa wastaafu afanye mwenyewe. Siku hizi unafanyika kwa simu, kwa hiyo laini iliyosajiliwa kwa jina lake iwe mkononi mwake, na akiugua kiasi cha kushindwa mtoe taarifa ofisini mapema kabla malipo hayajasimama. Na siku Mungu akimchukua, taarifa ipelekwe mara moja. Fedha inayoingia baada ya kifo si ya familia, na anayeendelea kuitoa kwa kadi anaiba, hata kama alikuwa analipia matanga. Itadaiwa, na itawacheleweshea huo mkupuo wa miezi 36.

Mzee akifariki mtahitaji muhtasari wa kikao cha ukoo, cheti cha kifo, na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, pamoja na vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vya wategemezi. Msimamizi ni mtumishi wa warithi, si mrithi mkuu, na nyumba na shamba vinafuata mirathi, tofauti na mafao ya wategemezi. Nyumba aliyojenga na mama yenu, hiyo inazungumzika sasa hivi. Sehemu ya marehemu mama ina warithi wake, nanyi mkiwemo. Mkiimaliza hiyo kwanza, kwa maandishi, nadhani hata kaka mkubwa atamruhusu mzee aoe kwa amani. Akikubali kuja mjini, mlete na baba pia, na bahasha zake zote.