ULIZA MTU WA MAJI: Bodi ya samaki, nani anunue na nani aachane nayo kwanza

Agosti ikiisha huwa napata maswali ya aina moja, manake watu wametoka Malindi na Diani na mchanga bado uko kwa viatu na tayari wanataka kununua bodi ya kusafu, yaani ya kupanda mawimbi. Mwaka huu karibu wote wanauliza ile ya samaki. Kwa ambaye hajaiona, ni ile bodi fupi, pana, nene katikati, pua imeviringana na mkia umegawanyika mara mbili, chini iko na mapezi mawili. Twende.

Mtu wa Maji habari. Niko na kilo 78, nilijifunza Diani kwa ile bodi kubwa ya sponji ya futi 8, saa hii nasimama vizuri na nageuza kidogo kulia. Kushoto bado. Nashuka pwani mara tatu ama nne kwa mwaka. Kuna jamaa Malindi anauza samaki ya epoksi, futi 6 na inchi 2, upana inchi 21, unene inchi 2 na robo tatu, imeandikwa lita 39. Anataka elfu 45 na mapezi ndani. Nichukue ama naharibu pesa? — Wa Pipeline, Embakasi

Pipeline ya Embakasi, sio lile wimbi la Hawaii linalovunja watu mbavu, karibu sana ndugu yangu. Chukua, kama iko sawa, na hapo kwa "iko sawa" nitakuja. Lakini kwanza ujue unanunua nini, manake watu wengi wanapenda samaki kwa sababu ya sura yake na hawajui inafanya kazi gani.

Hii kitu ilianzia San Diego, California, mwaka wa 1967. Kijana anaitwa Steve Lis alikuwa anajitengenezea bodi ya kupanda akiwa amepiga magoti, sio ya kusimama, ndio maana ikawa fupi na pana, akaiwekea mapezi mawili yenye kitako kirefu na mkia wa kupasuka. Waliojaribu kusimama juu yake wakaona inakimbia hata pale wimbi limeisha nguvu. Baadaye Mark Richards wa Australia akalichukua wazo la mapezi mawili akalitengeneza kivyake na akabeba ubingwa wa dunia mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982. Mwaustralia mwenzake Simon Anderson akaja na mapezi matatu mwaka wa 1980, na mashindano yote yakahamia huko. Samaki ikabakia kwa watu wanaosafu kwa raha zao baada ya kazi, yaani mimi na wewe.

Sasa inakimbia kwa nini? Ilaze kwa sakafu uiangalie ukiwa ubavuni. Bodi ya mashindano imepinda kama ndizi, pua juu mkia juu, na hiyo inasaidia kwa wimbi lililosimama wima lakini kwa wimbi legevu inasukuma maji mbele yake na kukwama. Samaki imelala karibu bapa, kwa hivyo inapanda juu ya maji haraka. Halafu haina pezi la katikati la kuivuta nyuma. Mkia nao ni mpana unakubeba, lakini kwa sababu umegawanyika, ukiegemea upande mmoja ile ncha ya upande huo inazama na kushika maji. Ndio siri yenyewe, hakuna uchawi.

Na mawimbi yetu ni legevu, tusidanganyane. Madagascar imekaa pale inakula sehemu kubwa ya mawimbi yanayotoka bahari ya kusini, halafu sehemu nyingi za pwani yetu zimezungukwa na mwamba unaovunja kinachobaki mbali na ufuo. Ghuba ya Malindi ina bahati kidogo, maji matamu na matope ya mto Sabaki hayaachi matumbawe yakue pale mbele, kwa hivyo wakati wa kusi, Juni mpaka Septemba hivi, mawimbi yanaingia hadi ufuoni. Lakini ni mawimbi ya upepo, ya kiuno mpaka kifua, yamevurugika, ya kahawia. Kwa maji kama hayo samaki ndiyo bodi ningempa mtu akiniambia anataka moja tu ya kila siku. Ile nyembamba yenye pua ya sindano ambayo vijana wanaona kwa simu, achana nayo, utakaa juu yake umezama hadi shingo ukingoja wimbi lisilokuja.

Hapo kwa lita, yaani ujazo wa bodi unaokuelesha. Lita 39 kwa kilo 78 ni nusu lita kwa kila kilo. Mtu anayeingia majini kila asubuhi anaweza kushuka chini ya hapo vizuri sana, lakini wewe unakaa kwa kiti miezi mitatu, unashuka na mabega yamelala, siku mbili za kwanza unapiga mikono kama mtu amebeba gunia, sasa hiyo nusu lita kwangu ndiyo ya mwisho kabisa. Huyo jamaa akiwa na nyingine ya futi 6 na inchi 4 yenye lita 42, chukua hiyo na usiangalie nyuma. Hakuna mtu wa wikendi nimewahi kumsikia akilalamika bodi yake inaelea sana, wote wanalalamika hazielei.

Itakusumbua wapi? Wimbi likisimama wima na kuwa na nguvu, mapezi mawili yanaweza kuachia na mkia ukakuponyoka. Kuizamisha chini ya wimbi linalokuja pia ni kazi, manake ni nene. Na ule upande wako wa kushoto, ukigeuka mgongo ukiwa umeelekea wimbi, utaona inachelewa kukata kona, inataka mzunguko mpana wa taratibu. Ukiilazimisha kona fupi mnagombana. Kingine ni hiyo epoksi, ni nyepesi sana, upepo wa kusi ukichacha kuanzia saa nne asubuhi inadundadunda juu ya vile viwimbi vidogo. Ingia mapema kabla upepo haujaamka.

Sasa kuikagua, na uende mchana peupe, usikubali kuoneshwa jioni kwa taa ya simu. Anza na pale mkia unapogawanyika, kwa ile pembe ya ndani, manake hapo ndipo samaki zinapasukia na wengi hawaangalii. Weka ukucha, upitishe polepole. Ukiona mstari mweusi ama wa kahawia ujue maji yameshaingia. Bonyeza hapo na kidole gumba, halafu bonyeza juu pale miguu inakaa, ikiingia ndani na kurudi na kamlio, faiba ya nje imeachana na povu la ndani na hiyo bodi unaiacha hapo hapo. Gongagonga na kifundo cha kidole kutoka pua mpaka mkia usikilize, sauti ikibadilika ghafla ikawa ya uwazi, uliza maswali. Shika pezi moja moja ulitikise, boksi la pezi, pale pezi linapochomekwa, lisicheze wala lisiwe na ufa pembeni. Mwisho ibebe tu. Epoksi ya saizi hiyo ikiwa nzito mkononi, imekunywa maji.

Bei si mbaya. Mpya kutoka kampuni kubwa za Marekani huwa inaanzia kama dola 700 huko huko, bado usafiri na ushuru. Lakini anza na elfu 35 mkuu, wewe umetoka Nairobi na ameshaona.

Hujambo kaka. Mume wangu anataka kuninunulia samaki ya futi 5 na inchi 6 zawadi, ameambiwa fupi ndiyo nzuri kwa mwanamke. Niko na kilo 60. Sijawahi kusimama bado, nimejaribu Watamu mara moja tu. — Mama Wawili, South B

Dada, mwambie asante na amwambie huyo aliyemshauri anyamaze. Bodi haijui kama wewe ni mwanamke, inajua kilo na inajua umefanya mara ngapi. Mtu ambaye hajasimama bado anahitaji bodi ndefu ya sponji, futi 8 kwenda juu, na hiyo unakodisha tu pale ufuoni, haina haja ya kununua. Kwa samaki ya futi 5 na inchi 6 utakuwa unaanguka kabla hujainua goti, na ni ngumu, ikikurudia kwa meno utajua.

Hizo pesa zigeuzwe ziwe siku kadhaa za mwalimu na nyumba karibu na maji. Ukishaanza kusimama mara nyingi kuliko unavyoanguka na unaenda pembeni na wimbi badala ya moja kwa moja ufuoni, tafuta samaki ya futi 5 na inchi 10 ama hata futi 6, lita 32 hadi 34. Hiyo itakubeba miaka.

Bodi yangu ya samaki iligonga mwamba ikapata tundu la saizi ya shilingi ishirini. Niko na fundi mzuri wa faiba Kariobangi Light Industries anatengeneza bampa za matatu. Nimpelekee? — Ochi, Umoja

Ngoja! Usiipeleke kabla hujajua ndani kuna povu gani.

Bodi ziko aina mbili kubwa. Kuna za povu la PU, hizo zinafunikwa na faiba na resini ya poliesta, ile ile ya bampa na ya maboti, yenye harufu kali ya kupiga kichwa. Na kuna za povu la EPS, hilo ni ndugu ya lile jeupe la vidonge linalofunga televisheni kwa katoni, na hizo zinafunikwa na epoksi. Sasa fundi wako akimwaga resini ya poliesta kwa EPS, povu linayeyuka akiangalia. Tundu la shilingi ishirini linakuwa pango la ngumi. Yeye hana kosa, hiyo ndiyo resini anayotumia kila siku na haijawahi kumharibia bampa.

Epoksi inakubali zote mbili, PU na EPS. Kwa hivyo kama hujui ni gani, nunua mwenyewe resini ya epoksi na hadina yake, ile ya kuigandisha, na umpelekee, umwambie atumie hiyo tu na apime vile chupa imeandika, sio kwa macho. Mkono wake wa kupiga msasa na kulaza faiba utakuwa mzuri kuliko wangu na wako.

Kabla ya hapo, kausha. Kama iligonga ikiwa majini, isimamishe kivulini tundu likiangalia chini, siku kadhaa, mpaka tishu ukiiweka hapo inatoka kavu. Ukifunika maji ndani, jua likipiga yanatafuta njia ya kutoka na faiba inainuka malengelenge. Ukiwa pwani na hakuna fundi, stika nzito ya gari inakusogeza siku moja, si zaidi.

Mapezi mawili, matatu ama manne? Naona samaki za kila aina. — Kevo, Rongai

Mawili marefu ya kitako kipana ukitaka mbio na kona za taratibu. Manne yanashika zaidi wimbi likiwa kubwa. Matatu inakuwa inafanana na bodi ya kawaida, kama unaogopa kuponyokwa anza hapo. Samaki nyingi za siku hizi zina boksi tano, unabadilisha mwenyewe. Angalia tu ni za FCS ama Futures, hizo ni aina mbili za boksi, kabla ya kununua pezi la ziada, haziingiliani, na Nairobi hakuna kona utapata la kubadilishana Jumapili jioni.

Naweza kutumia samaki kwa kaiti pale Diani? — Msomaji, Kilimani

Kaiti, ile ya kuvutwa na tiara la upepo? Unaweza, na visigino vitatoboa juu yake mashimo mpaka ulie. Za kaiti zinaongezwa faiba kwa sababu hiyo. Kama bodi ni nzuri, usiifanyie hivyo.

Naishi bedsitter Roysambu na naendesha Probox. Nitaweka wapi hii kitu na nitaifikisha aje Malindi? — Dereva

Umechagua bodi sahihi bana. Futi 6 na inchi 2 ni kama sentimita 188. Laza viti vya nyuma, kiti cha abiria wa mbele ukisukume mbele na mgongo wake uulaze, ingiza pua kwanza, ije pale kwa kiti cha mbele, inatoshea na mlango wa nyuma unafunga. Blanketi chini, mapezi yametolewa yako kwa mfuko. Kwa keria ya juu pia inakaa, lakini Nairobi mpaka Malindi ni siku nzima ya jua na upepo, na ukisimama Mtito kula chakula gari likiwa limeanikwa, hata ile ya ndani inaiva, nta unayopaka juu miguu isiteleze inayeyuka inashikana na viti na EPS yenyewe inaweza kuvimba. Paki kivulini, acha madirisha wazi kidogo na ukae pale unaliona.

Ukienda na treni ama ndege ndogo za Wilson, piga simu uwaulize urefu wanaoruhusu kabla ya kukata tiketi, sio ukiwa kwa foleni na begi la bodi mgongoni.

Kwa nyumba, isimamishe nyuma ya mlango ama ipandishe ukutani na vipande viwili vya mbao vilivyofungwa kitambaa. Balkoni hapana, jua la mchana linaifanya njano na mtoto wa jirani ataifanya daraja. Toa nta ya zamani yote ukirudi, na kadi ya ATM iliyoisha inafanya hiyo kazi vizuri kuliko kile kiplastiki wanachouza.