Mwili umechoka, macho makavu

Barua za wiki hizi nyingi zinalia kilio kimoja: mtu amechoka hoi, lakini akizima taa kichwa ndiyo kwanza kinaanza kazi.

Dada, shikamoo. Mimi ni mwalimu, Dodoma. Jioni nasinzia kwenye kochi hadi naangusha simu. Nikihamia kitandani tu, macho yanafunguka kama nimemwagiwa maji. Nina kasoro gani?

Marahaba. Huna kasoro. Uchovu na usingizi si kitu kimoja. Miguu inaweza kuuma na bado ubongo uko macho, umekaa kama mlinzi getini. Kwenye kochi hakuna anayekudai usingizi, kwa hiyo unakuja wenyewe. Kitandani unaanza kuusubiri, unajipima kila dakika, na kule kujipima ndiko kunakoufukuza. Ukigaagaa hivyo usiku baada ya usiku, mwili unazoea kwamba kitandani ni mahali pa kukesha.

Mwanasaikolojia Mmarekani Richard Bootzin alieleza jambo hili mwaka 1972, na dawa aliyoitoa bado inatumika: kitanda kiwe cha kulala na cha mambo ya mke na mume tu. Ikipita kama robo saa hujapata hata lepe, inuka. Kaa mahali penye mwanga hafifu, fanya jambo la utulivu, rudi macho yakiwa mazito. Yakikauka tena, inuka tena. Asubuhi amka saa ileile, hata kama ulilala saa 9 usiku. Siku za mwanzo utateseka, sikufichi. Wengi huacha hapo, wakati ndipo inapoanza kufanya kazi. Kama mnalala chumba kimoja na watoto, kigoda kando ya mlango kinatosha.

Na lile lepe la kwenye kochi liache kabisa. Ni sawa na kuonja mboga jikoni mpaka chakula kikiiva huna njaa.

Nauza nguo Kariakoo. Usiku hesabu za kikoba na mzigo wa madukani zinazunguka kichwani. Nifanyeje zinyamaze?

Usizinyamazishe, zitoe. Kichwa hurudiarudia jambo kwa kuogopa kulisahau. Mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, waliwapa watu dakika 5 kabla ya kulala: kundi moja liandike kazi zinazowasubiri, jingine kazi walizokwisha kuzimaliza. Walioandika zinazowasubiri walilala mapema kwa takriban dakika 9, na kadiri walivyoandika kwa undani, ndivyo walivyowahi zaidi. Kwa hiyo usiandike “madeni”. Andika: “Jumatatu saa 3 nimpigie mweka hazina, niombe wiki moja.” Andika kwenye karatasi, si kwenye simu, maana ukishaishika simu utakutana na ujumbe wa mteja. Deni halitaondoka, najua. Ila utalikabili ukiwa umeshapata usingizi.

Kahawa ya saa 11 jioni ina ubaya?

Kwa wewe unayekesha, ndiyo. Kwa wengi, muda wa saa 5 hivi baada ya kunywa, nusu ya kafeini bado imo mwilini. Saa 4 usiku unapopanda kitandani, ni kama umekunywa nusu kikombe muda huohuo. Chai ya rangi iliyokolea na vinywaji vya kuongeza nguvu ni vilevile. Ishia mchana.

Jirani amenipa Piriton, ananiambia zinalaza. Nimeze? Mama, Tanga.

Hapana, mama yangu. Hiyo ni dawa ya aleji. Kusinzia ni athari yake tu, na uzito wake hukufuata mpaka kesho yake. Kwa mtu mzima wa umri mkubwa inaweza kuleta kuchanganyikiwa na kuanguka. Diazepamu, kidonge cha kutuliza na kulaza, ukiinunua bila cheti ni hatari zaidi, kwani mwili huizoea na kuidai. Mwaka 2016 Chuo cha Madaktari cha Marekani kilielekeza kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi aanze na tiba ya kubadili mawazo na mazoea, kabla ya vidonge. Ukikosa usingizi usiku 3 au zaidi kwa wiki, kwa miezi 3, nenda kituo cha afya. Ukiwa umekata tamaa au huna hamu ya kula, usingoje miezi hiyo. Nenda kesho.

Mume wangu ndiye anayekesha. Nimsaidieje?

Akiinuka usiku, mwache atoke bila kumuuliza anaenda wapi. Saa ya ukutani igeuze, asihesabu zilizobaki. Na asubuhi usimpokee na “Umelala?”, maana swali hilo atalibeba mpaka usiku unaofuata. Mpe chai, mkae wote nje juani.