Kazi mpya Mwanza, na safari ya Bukoba ulishailipia

Dada, umeuliza useme lini kwamba mwezi wako wa pili kazini utahitaji siku nane za harusi Bukoba, na tiketi ya meli umeshakata. Sema ukishapewa ofa, kabla hujasaini mkataba. Kwenye usaili ni mapema mno. Ukishaanza, meneja atakuwa ameshapanga zamu na ataona ulimficha.

Likizo ya mwaka usiitegemee. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 28, ila aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana haki ya likizo yenye malipo. Omba ruhusa bila malipo, na upange matumizi ya mwezi huo mapema.

Wengi huharibu hapa: wanajibiwa "haina shida" kwenye simu, wanaridhika. Meneja akihamishwa, huna ushahidi. Andika barua pepe: "Nitakuwa safarini tarehe 12 hadi 19, nitaripoti kazini tarehe 20." Meli husafiri usiku kucha, kwa hiyo usiahidi kuripoti asubuhi ileile unayoshuka bandarini. Omba tarehe hizo ziingizwe kwenye mkataba, ubaki na nakala yenye saini. Wakikataa, waulize kama unaweza kuanza kazi baada ya harusi.