Kupasua kuni usiku: angalia kwanza kivuli chako

Ushauri wa kawaida ni kwamba giza likiingia, shoka liwekwe chini. Ni ushauri mzuri, ila haujui matanga. Hapa kwetu kati ya Luanda na Maseno, magharibi mwa Kenya, ikweta inapopita, jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima, na dakika 20 baadaye giza limeshatanda. Ndio wakati waombolezaji wanaingia bomani, sufuria kubwa za chai ziko mekoni na kuni zilizopasuliwa zimebaki chache. Lazima mtu ashike shoka.

Kinachoumiza watu usiku mara nyingi ni taa iliyowekwa vibaya. Ikiwa nyuma yako, kivuli chako kinaangukia kuni, nawe unapiga mahali usipopaona. Ikiwa mbele ya macho, inakupofusha. Tochi ya kichwani inafaa kuchagua kuni kwenye rundo, lakini kwa kupasua ina kasoro: mwanga unatoka pale pale macho yalipo, hivyo vile vivuli vidogo vinavyokuonyesha umbali na mkondo wa ufa vinapotea. Mimi hutundika taa mbili za sola juu kupita kichwa, moja kulia na moja kushoto, mbele kidogo. Kivuli cha hii kinapunguzwa na ile. Kisha nainua shoka polepole bila kupiga, nikitazama kama kivuli cha mikono kinapita juu ya kuni. Kikipita, nahamisha taa.

Na usimpe mtoto simu akumulikie. Atakusogelea ili mwanga utoshe, yaani asimame pale vipande vinaporukia, na mamake akimwita atageuka na mwanga wake shoka likiwa hewani.

Gogo la kupasulia lisizidi magoti. Kuni isimamishe upande wa mbali wa gogo, ndipo ukikosa shabaha shoka liishie kwenye gogo na si kwenye muundi wako. Miguu iachane, ndani ya viatu vizito au gambuti, malapa hapana. Mvua za huku hupenda kunyesha alasiri, kwa hivyo jioni nyasi zinateleza na mpini umelowa. Mwaga majivu unapokanyaga, futa mpini. Kichwa cha shoka kikicheza, kazi imeisha. Wako wanaolilaza shoka kwenye ndoo ya maji ili mpini uvimbe; utakaza kweli, lakini ukikauka kinalegea tena.

Chagua kuni pia. Mkaratusi uliokatwa juzi hupasuka vizuri kuliko uliokaa miezi juani, kwa sababu nyuzi zake zimepishana na zikikauka hushikana vibaya. Ukiwa mbichi hauwaki haraka, lakini ukichanganywa na kuni kavu unakwenda. Kipande chenye fundo au panda kitupe kando kingoje asubuhi, hata kama mashemeji wamesimama wanakutazama. Hasa wakiwa wanakutazama! Aliyeonja pombe ya busaa abebe kuni, asipasue, na umri wake usimpe ruhusa.

Vijiti vya kuwashia ndivyo hukata vidole. Mtu anashika kuni kwa mkono wa kushoto na kuichanja kwa panga kwa wa kulia, mwanga wenyewe ni wa moto. Afadhali ulaze makali ya panga juu ya kuni, kisha ugonge mgongo wa panga kwa kipande kingine cha mti, mkono ukiwa kwenye mpini tu. Msumeno wa injini usiuguse kabisa mpaka kuche. Na kabla ya kuingiza mkono kwenye rundo, ligonge kwa fimbo. Nyoka na nge hupenda kujificha humo.

Mtu akijikata, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi, ulaze mguu juu ya kitu, na usiachie kila mara kuchungulia kama damu imekatika. Udongo, majani ya chai na mafuta ya taa visikaribie hapo. Mapema, kabla hujaanza kupasua, tafuta namba ya mwenye bodaboda anayekubali kutoka usiku. Mkifika hospitalini ulizieni sindano ya pepopunda, hata kama kidonda kinaonekana kidogo.