Maswali na Majibu: Programu moja, Linux nyingi

Barua za safari hii zinatoka kwa wasomaji wanaoandika programu za mezani na kuwapelekea watu wenye distro (aina za Linux) tofauti. Tumechagua nne.

Ndugu wahariri, nimeandika programu ya hesabu za stoo kwa C++ na Qt 5 (maktaba ya kuchora madirisha). Kwenye Ubuntu 24.04 yangu inafunguka vizuri. Mwenzangu mwenye Debian 11 anaambiwa: version `GLIBC_2.34' not found. Je, nimtumie libc yangu (maktaba ya msingi ya C)?

Tafadhali usimtumie. Karibu kila programu ya mashine yake inaegemea libc hiyo, nayo lazima ilingane na kipakizi chake, ld-linux. Akiiweka yako juu ya ile ya mfumo, hata ls na bash zinaweza kugoma, na itabidi awashe kompyuta kwa flashi ili arudishe ile ya awali.

Tatizo liko pale ulipokompailia. Glibc, ndiyo libc ya distro hizi, huzipa funksheni zake alama za matoleo, na programu hubeba ndani yake alama inazozidai. Iliyokompailiwa kwa glibc ya zamani hukubalika kwenye mpya. Kinyume chake hapana. Debian 11 ina glibc 2.31, Ubuntu 22.04 ina 2.35, Debian 12 ina 2.36, na Ubuntu 24.04 yako ina 2.39.

Utauliza kwa nini basi ujumbe unataja 2.34 na si 2.39. Katika toleo la 2.34 maktaba ya libpthread iliingizwa ndani ya libc yenyewe, na __libc_start_main, funksheni inayoianzisha programu kabla ya main, ikapewa alama mpya. Ndiyo maana hata programu ya mistari mitatu, ukiikompaili kwa kawaida kwenye 2.34 au zaidi, haifunguki chini ya hapo. Kupunguza msimbo wako hakutasaidia kitu. Kuona programu yako inadai nini, andika:

objdump -T stoo | grep -o 'GLIBC_[0-9.]*' | sort -Vu

Mstari wa mwisho ndio unaoamua.

Dawa ni kukompaili ndani ya mfumo mkongwe kuliko yote unayotaka kuihudumia. Huhitaji kompyuta ya pili, kontena (mfumo mwingine unaoendeshwa ndani ya wako) inatosha:

podman run -it --rm -v "$PWD":/kazi:Z -w /kazi debian:11 bash

Ile :Z ni kwa mashine zenye ulinzi wa ziada wa SELinux, kama Fedora; bila hiyo utapata Permission denied kwenye folda yako mwenyewe. Ukiwa ndani, endesha apt update, kisha apt install build-essential cmake qtbase5-dev. Kabla ya kuita cmake, futa folda ya build ya zamani. CMakeCache.txt huhifadhi njia za mfumo wa kwanza, na wengi hukwama hapo wakidhani kontena ndiyo mbovu. Ukimaliza, rudia ile amri ya objdump: alama ya juu kabisa isizidi 2.31.

Distro ya Alpine ni habari nyingine. Inatumia libc iitwayo musl, si glibc, na programu yako itajibiwa not found ilhali faili unaliona kwa macho. Kinachokosekana ni kipakizi /lib64/ld-linux-x86-64.so.2, si programu. Huko kompaili upya au tumia Flatpak, mfumo unaoendesha programu pamoja na maktaba zake ndani ya uzio.

Ninatengeneza .deb (kifurushi cha Debian na Ubuntu) kwa mkono. Kwanza dpkg-deb ilisema "control directory has bad permissions 777". Nilipofanikiwa, mtumiaji wa kwanza akapata "dependency problems - leaving unconfigured". Nakosea wapi?

Ni mambo mawili yasiyohusiana. La kwanza linatokana na mahali unapofanyia kazi. Flashi na diski za FAT, exFAT au NTFS hazihifadhi ruhusa za Unix, kwa hiyo folda zote zinaweza kuonekana 777, na chmod haibadilishi chochote. dpkg-deb inataka folda ya DEBIAN iwe kati ya 0755 na 0775. Hamishia kazi kwenye folda yako ya nyumbani, weka 0755, halafu:

dpkg-deb --root-owner-group --build stoo_1.0-1_amd64

Usiliache lile --root-owner-group. Bila hilo faili za /usr zitasakinishwa zikiwa mali ya namba yako ya mtumiaji, kwa kawaida 1000, na kwenye mashine ya mwingine 1000 ni mtu mwingine kabisa, ambaye ataweza kubadilisha programu bila nenosiri la msimamizi.

La pili: dpkg -i haiendi kutafuta vitegemezi. Mwelekeze mtumiaji aandike sudo apt install ./stoo_1.0-1_amd64.deb. Ile ./ ina kazi, kwa sababu bila hiyo apt hutafuta jina hilo kwenye hazina ya vifurushi ya distro badala ya kusoma faili lililo mbele yake. Aliyekwisha kukwama ajinasue kwa sudo apt --fix-broken install.

Faili la control liwe hivi:

Package: stoo
Version: 1.0-1
Architecture: amd64
Maintainer: Jina Lako <wewe@example.org>
Depends: libc6 (>= 2.31), libqt5widgets5, libsqlite3-0
Description: Hesabu za stoo
 Hutunza bidhaa zinazoingia na kutoka.

Mstari wa mwisho unaanza kwa nafasi moja, na faili lifungwe kwa mstari mpya.

Tazama vizuri libqt5widgets5. Kwenye Ubuntu 24.04 na Debian 13 kifurushi hicho kinaitwa libqt5widgets5t64, kwa sababu distro hizo zilihamia saa ya biti 64. Kwenye amd64 kifurushi kipya bado kinajitangaza kwa jina la zamani pia, kwa hiyo jina la zamani linafanya kazi pande zote mbili. Jina lenye t64 halifahamiki kabisa kwenye Debian 12 kurudi nyuma. Ukimwachia dpkg-shlibdeps akuandikie vitegemezi ndani ya Ubuntu 24.04, atakuandikia yale ya t64. Hii ni sababu ya pili ya kujengea kwenye mfumo mkongwe.

Kwa Fedora na openSUSE, usigeuze .deb kwa zana ya alien ukatarajia mema, kwani haitafsiri majina ya vitegemezi. Andika faili la .spec, yaani maelekezo ya kutengeneza kifurushi cha RPM. rpmbuild yenyewe husoma programu na kuandika kwamba inahitaji libQt5Widgets.so.5()(64bit), yaani jina la maktaba na si la kifurushi, jambo linalopunguza kazi kweli.

AppImage yangu (programu nzima ndani ya faili moja) inakataa Ubuntu mpya kwa ujumbe wa libfuse.so.2. Kwa wengine inafunguka lakini inaanguka ikitaja GLIBCXX na draiva ya picha.

AppImage nyingi hujifungua kwa FUSE (njia ya kulisoma faili kama diski) toleo la 2, na Ubuntu haiisakinishi tena kwa chaguo-msingi tangu 22.04. Kwenye 22.04 sakinisha libfuse2, kwenye 24.04 libfuse2t64. Waonye watu wasisakinishe kifurushi kinachoitwa fuse tu: kinagombana na fuse3, na apt inaweza kupendekeza kuondoa sehemu za mazingira ya mezani. Asiye na ruhusa ya msimamizi aendeshe ./Stoo.AppImage --appimage-extract-and-run.

Hilo la GLIBCXX umelitia mwenyewe, kwa kufungasha libstdc++ yako, yaani maktaba ya msingi ya C++. Draiva ya picha, Mesa, haimo kwenye AppImage; inapakiwa kutoka kwenye mfumo wa mtumiaji, nayo inataka libstdc++ mpya. Inakuta ya kwako, ya zamani, imeshakaa kwenye kumbukumbu, inaanguka. Kwa hiyo libc, libstdc++, libGL na libX11 ziache kwa mwenyeji. Qt na maktaba zako nyingine zibebe. Zana ya linuxdeploy ina orodha ya maktaba zisizobebwa, ifuate ilivyo. Na hapa pia, AppImage iliyojengwa kwenye Ubuntu 24.04 haitafunguka Debian 11. Kuiweka kwenye faili moja hakubadilishi glibc inayoidai.

Programu imeingia kwenye menyu, lakini dirisha likifunguka aikoni inakuwa ya jumla. Nikiipeleka kwa Flatpak, watumiaji wanasema haioni folda zao.

Aikoni kwanza. Kwenye Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha, mazingira ya mezani hulinganisha kitambulisho cha dirisha na jina la faili la .desktop. Faili likiwa org.mfano.Stoo.desktop, kwenye Qt ita QGuiApplication::setDesktopFileName("org.mfano.Stoo") kabla ya kuonyesha dirisha. Kwenye X11, mfumo wa zamani, andika StartupWMClass ndani ya faili hilo, thamani yake uipate kwa xprop WM_CLASS kisha ubofye dirisha. Picha ikae hicolor/256x256/apps chini ya /usr/share/icons, na Icon= itaje jina bila .png. Pitisha faili kwenye desktop-file-validate, na usisahau Name[sw]= kwa watumiaji wa Kiswahili.

Folda kutoonekana ni kazi ya uzio wa Flatpak. Tumia QFileDialog ya mfumo, si uliyoichora mwenyewe. Hiyo hupitia lango linaloipa programu faili alilochagua mtumiaji bila kufungua nyumba nzima. Ila lango linatoa faili moja tu, majirani zake hawaonekani. Kama programu yako inasoma picha zilizo kando ya hesabu, mwombe mtumiaji achague folda nzima. Anayetaka folda moja ionekane daima aandike:

flatpak override --user --filesystem=/mnt/data org.mfano.Stoo

kisha aifunge programu na kuifungua upya, maana ruhusa husomwa programu inapoanza.