Majivu Yabaki Jikoni

Kila mwaka masika yakikaribia hapa Mombasa tunapokea vijana wapya wa mafunzo ya kilimo, na kila mwaka hakosi mmoja anayekuja na debe la majivu. Hajatumwa na mtu. Ameona kwenye simu mkulima wa Kakamega akimwaga majivu na chokaa shambani, sukuma zake zimesimama mpaka kiunoni, naye akaona hayo ndiyo mambo. Juma lililopita nimekuta matuta ya mchicha yamepakwa majivu mwanzo hadi mwisho, na aliyeyapaka amesimama pembeni angoja sifa. Sikumgombeza. Nilimwambia alete siki.

Nimeyasema haya kwa mdomo mpaka mate yamenikauka, sasa nayaandika. Mbolea mwazijua, kutifua na kupalilia mwajua, nafasi za kupandia mmezikariri kunishinda mimi. Taabu yenu ni moja: mkiona mmea hauna raha, mkono unakimbilia gunia. Mnaongeza kabla hamjajua udongo una nini.

1. Udongo wa kwetu una chokaa tayari.

Huko Kakamega mvua ni nyingi, inaosha kalsiamu, udongo unabaki na asidi. Mkulima wa kule akitia chokaa anaona faida, na kwake yuko sawa. Sisi wa Kisiwani, Nyali, Bamburi na Shanzu tunalima juu ya matumbawe. Ndiyo hayo wazee waliyachoma tanuuni wakapata chokaa ya kujengea nyumba za Mji wa Kale. Sasa wewe unampelekea chokaa mwenye tanuu! pH ya udongo huu, yaani kipimo cha asidi ambacho katikati yake ni 7, mara nyingi huwa kati ya 7.5 na 8.5, na majivu yanaipandisha zaidi. Ikishapanda, chuma, zinki na manganizi vimo lakini mizizi haivipati, na fosforasi uliyoinunua ndani ya mbolea ya DAP inashikwa na kalsiamu, inakaa papo hapo. Umenunua mbolea ya kulisha mawe.

Ishara yake ni majani machanga ya juu kugeuka manjano huku mishipa imebaki kijani. Yakitangulia manjano majani ya chini, yale ya zamani, hiyo ni njaa ya nitrojeni, na hapo CAN, mbolea yenye nitrojeni, ina kazi. Nyinyi mnaona manjano tu, mbio stoo.

Kijana aliporudi na siki nilimwambia achukue bonge la udongo mkavu kwenye tuta ambalo hakulipaka, aliweke ndani ya kifuniko cha chupa, adondoshee. Lilichemka. Povu jeupe likapanda hadi ukingoni, na ukitega sikio unalisikia. Hiyo ni chokaa ikikutana na asidi. Akalitazama povu, akalitazama debe, akaniuliza kama majivu yanaweza kuzolewa. Yanazoleka, yakiwa hayajamwagiliwa. Tukazoa.

Walio Changamwe na Miritini wasinifuate kichwa kichwa. Huko mko juu ya mfinyanzi, unapasuka kiangazi mpaka panya anapita, na masika unang'ang'ania gumboti. Siki kwanza, kisha ndio tuzungumze.

2. Chumvi.

Hapa nitakaa, maana kosa hili nililifanya mimi mwenyewe, tena nikiwa na cheti na kofia ya bwana shamba.

Nilikabidhiwa bustani ya mboga upande wa Kisauni, karibu na bahari. Maji ya bomba mwayajua wenyewe, huja yanapotaka. Palikuwa na kisima, tukafunga pampu. Masika yalipokwisha maji yalikuwa matamu, yanyweka. Nikajiona nimemaliza kazi. Darasani nilifundishwa, nikajibu na mtihani, kwamba chini ya ardhi ya pwani maji ya mvua hukaa juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi, na ukivuta kwa pupa yale ya chini yanapanda. Kaskazi ikaingia, jua kali, upepo mkavu, mvua hakuna, nami nikazidi kuvuta. Hakuna aliyeonja tena. Chai tulinywa kwa mama wa mahamri, sisi na maji ya kisima tulikuwa hatujuani.

Kingo za majani ya sukuma zikaanza kuwa za kahawia, kavu, ukizifinya zinavunjika. Nikasema njaa hiyo, nikatia CAN. Zikazidi. Nikatia mbolea ya kuku, nyingi, kwa sababu tulipewa bure. Sasa CAN yenyewe ni chumvi, na mbolea ya kuku ina chumvi kuliko ya ng'ombe, kwa hiyo kila nilipotibu nilizidisha ugonjwa. Na kumwagilia kwangu ndiko kulikokuwa na maafa: kidogo kidogo, asubuhi na jioni, nikidhani ni huruma. Maji kidogo hayashuki. Jua linayavuta, chumvi inabaki juu, kesho unaileta nyingine.

Iliyonipita ni ishara ambayo hata nyinyi juma lenu la kwanza mngeiona. Adhuhuri mche umelala, na udongo chini yake umelowa. Maji yapo, mbona haunywi? Chumvi ikijaa nje ya mzizi, mzizi hauwezi kuyavuta maji hata ukiuogesha. Mimi sikujiuliza. Nilikwenda kugombana na muuza mbegu.

Niliingia dukani kwake pamejaa watu, nikaipiga pakiti juu ya meza, nikamwambia mbele ya wateja kwamba anauza mbegu mfu. Sauti yangu mwaijua. Yule bwana alinisikiliza mpaka nikamaliza, akauliza kwa upole: "Maji wayatoa wapi, bwana shamba?" Nikamjibu maji yangu hayamhusu. Nikatoka kifua mbele.

Shambani alikuwako mama mmoja wa Kaloleni aliyekuwa akitupalilia. Mimi nasimulia nilivyomkomesha mwenye duka, yeye akainama, akabandua gamba jeupe kwenye ubavu wa tuta, akaligusa kwa ncha ya ulimi, akatema. "Bwana shamba," akasema, "hapa ungeanika ng'onda." Wakacheka wote, hata wale ambao mimi ndiye niliyekuwa natia sahihi mishahara yao.

Msimu mzima ukapotea. Kumweleza mwajiri kwamba mbegu zilikuwa nzima kulinitoa jasho, lakini nilimweleza siku ile ile. Kurudi dukani ndiko kulikonishinda. Nikawa nazunguka njia ya nyuma, nanunua dawa mbali na kwa bei ghali, mradi nisikutane na yule bwana. Mwishowe nilikwenda, na nilichagua saa ya wateja wengi, maana nilimtukana mbele za watu. Hakusema kitu. Alinimiminia kahawa, akaniuliza, "Umeyaonja?" Mpaka leo nikiingia pale huniuliza habari ya maji kabla hajaitikia salamu.

Tiba haikuwa na dawa yoyote ya chupa. Tulikiacha kisima, tukazoa gamba jeupe, tukaacha matuta wazi mpaka masika yakanyesha ya kutosha. Kichanga chetu kina ila nyingi, hakishiki maji wala mbolea, lakini kwa hili kina fadhila: maji yanapita na chumvi inashuka nayo. Tangu hapo mimi humwagilia kwa nafasi, na nikimwagilia namwagilia mpaka maji yapite chini ya mizizi. Kipimo cha chumvi cha mkononi kiko kwenye droo ya ofisi, kitumieni. Maji yakisoma chini ya 0.7 desisimensi kwa mita hayana neno. Yakivuka 3, mboga nyingi zitawalilia. Betri ikiisha, onjeni. Maharagwe, karoti na vitunguu hukata tamaa mapema, spinachi na bitiruti huvumilia, na mnazi hauhitaji maombezi yangu.

3. Mbolea ya kuku mbichi huunguza.

Ilazeni mpaka ile harufu ya kuwasha pua iishe. Mmeshasikia na habari ya chumvi yake.

4. Mboji ya pwani haidumu.

Joto letu na unyevu wetu huila upesi, kwa hiyo ile mliyotia mwaka jana msiihesabu. Tieni kidogo kila msimu kuliko lori zima mara moja mkapiga picha. Mabaki ya soko la Kongowea ni mali: majani ya kabichi, maganda ya ndizi, mahindi yaliyooza. Yachambueni kabla hayajapakiwa, si baada, maana nimeshachoka kuokota nyuzi za magunia ndani ya mboji iliyoiva. Makumbi ya nazi ni matandazo mazuri, yasiguse shina tu. Na vumbi la makumbi mkitaka kulitia kitaluni, lioshwe kwanza kwa maji matamu, sababu nalo huja na chumvi.

5. Jongoo mwamwua kwa nini?

Hili linaniudhi kuliko majivu. Msichana mmoja hodari, mikono yake ikipanda kitu kinaota, nilimkuta anampulizia jongoo dawa ya mende. Nikamuuliza kosa lake. Akasema anatisha.

Mnaoniambia "hapa hapana udongo, ni mawe" mnapita Bamburi kila siku. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti ndani ya machimbo ya kiwanda cha saruji. Mawe matupu, jua linarudi usoni, na maji ya chini yana chumvi. Alijaribu aina 26 za miti, zikasimama 3, mmojawapo mvinje, ambao mizizi yake ina vijidudu vinavyokamata nitrojeni ya hewani. Mivinje ikamea, lakini majani yake membamba yakawa yanaanguka na kurundikana bila kuoza, yana ukali ambao wadudu wengi hawautaki. Aliyeyataka ni jongoo, yule mkubwa mweusi mwenye miguu myekundu. Wakaletwa, wakala, na kinyesi chao ndicho kilichoanza kuwa udongo ambamo miti mingine ilipandwa. Leo pale ni Haller Park. Mnakwenda kulisha twiga, chini hamtazami.

Jongoo akiwatafunia miche, maana njaa haina adabu, mchoteni kwa jembe mkamweke kwenye mboji. Dawa ya mende irudi alikoitoa mwenyewe.

6. Nyanya juu ya nyanya, hapana.

Minyoo fundo hupenda kichanga chenye joto, na huko ndiko tuliko. Ng'oeni mnyanya mmoja muone vinundu kwenye mizizi. Biringani na pilipili ni ndugu zake nyanya, na bamia si ndugu lakini minyoo haijali ukoo. Pandeni mahindi msimu wa katikati, na mizizi yenye vinundu isitupwe kwenye mboji.

7. "Udongo mweusi" wa lori.

Mwenye lori atawaambia ni udongo wa rutuba. Muulizeni umetoka wapi, na akisema "huko tu" msimlipe. Weusi si rutuba, huenda ni masizi na oili ya gereji, au ni jaa la zamani lenye betri na vigae. Risasi, ile metali ya sumu iliyomo kwenye betri, haionekani, haina harufu, na udongo ukishaipata haiondoki kwa kumwagilia. Watu wa Owino Uhuru, hapa hapa kwetu, walikaa karibu na kiwanda cha kuyeyusha betri, watoto wao wakakutwa na risasi damuni. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Kwa hiyo mkiniona namhoji mtu wa lori mpaka anakasirika, msinivute shati.

8. Sampuli za udongo zichukuliwe Jumatatu, kabla mvua haijaanza.

Tembeeni zigizaga, si mstari mmoja kandokando ya njia kwa kuwa ndiko kwenye kivuli. Kila kituo ondoeni majani ya juu, chimbeni sentimita 20, kateni ubale mmoja wa udongo ubavuni mwa shimo. Palipowahi kurundikwa mbolea parukeni. Matuta yaliyopakwa majivu yawe na mfuko wake. Changanyeni, bakisheni nusu kilo, ukaushwe kivulini juu ya karatasi safi, na jina la kipande liandikwe kwa kalamu isiyofutika. Mwaka jana maabara ilituletea majibu mazuri sana ya mfuko ulioandikwa "pale kwa mwembe", na miembe tunayo kila upande.

Ndoo iliyobeba CAN isitumike hata kama imeoshwa. Ile ya bluu ndiyo safi, iko nyuma ya stoo, na ufunguo anao mlinzi wa zamu ya asubuhi, ambaye huondoka saa mbili.