Pleya ya 4K Kutoka Majuu: Uagize ama Uachane Nayo?

Kuna swali naulizwa sana hapa dukani Kondele, hasa Disemba ikikaribia, na anayeuliza mara nyingi ako na shangazi ama binamu Marekani ambaye anakuja likizo: "Bro, nimwambie aniletee pleya ya zile diski za 4K, zile za picha safi kushinda DVD? Hizi vitu zitashika huku?" Mimi nasema hazitashika. Kuna wachache wanaweza kuzinunua na wafurahie, nitawafikia, lakini kushika vile DVD ilishika, kila nyumba, kila mtaa, hapana, sahau.

Nimekuwa kwa biashara ya video toka enzi za kaseti, nilianza Nakuru nikikodisha kanda alafu nikahamia Kisumu VCD zikiwa zimepamba moto, na enyewe sijawahi kuona mtu wa kawaida akinunua mashine juu ya picha safi peke yake. Angalia VCD. Picha yake ilikuwa mbaya bana, mtu akikimbia unaona vijisanduku, na muvi moja ilikuja kwa diski mbili juu moja ilibeba kama dakika 74 hivi, kwa hivyo vita ikifika pahali patamu unainuka kubadilisha diski. Na bado ilishika! Diski haikumezwa na mashine vile kanda ilikuwa inamezwa, ilikuwa bei rahisi, na kijana yeyote mwenye kompyuta aliweza kuichoma, yaani kukutolea kopi, ukingoja.

Kuchoma ndo mambo yote. Ukitaka kujua kama fomati itaingia kwa nyumba za watu huku kwetu wachana na Hollywood, muangalie yule jamaa wa kupiga video za harusi. DVD ilitoka Japani 1996, ikaingia Marekani 1997, lakini kwa wazazi wengi wa hapa kwetu muvi si ndo ilifanya wanunue mashine. Ilikuwa harusi, matanga na kwaya. Mzee amezikwa Siaya, jamaa wa video amerekodi kuanzia mochari, msafara, hotuba zote (na unajua hotuba za matanga zetu), mpaka udongo wa mwisho, alafu baada ya wiki kadhaa analeta DVD kwa kava iko na picha ya marehemu, jina na tarehe. Kila mtoto anataka yake. Yule wa Eldoret anataka, wa Mombasa anataka, na sasa kila mmoja lazima awe na kitu cha kuichezesha. Kwaya nayo inarekodi albamu, sare zimeshonwa, wamepangwa kando ya maji pale Dunga wakiimba, na Jumapili diski zinauzwa mlangoni mwa kanisa. DVD moja tupu inabeba GB 4.7, hiyo ni kama masaa mawili ya picha ya kutosha, kwa hivyo harusi nzima inaingia na keki ikiwemo.

Sasa niambie, ni nani ashawahi kupewa harusi yake kwa Blu-ray, ile diski iliyokuja baada ya DVD, hapa Kisumu? Mimi sijamuona. Blu-ray iko toka 2006, si kitu kipya, diski ya kawaida ni GB 25 na ile ya tabaka mbili ni GB 50, picha ni noma. Huko nje ilipigana na HD DVD, diski pinzani ya Toshiba, na Januari 2008 kampuni ya muvi ya Warner ikasema inaenda na Blu-ray peke yake, Februari Toshiba ikanyoosha mikono. Waliokuwa wamekimbilia HD DVD walibaki na mashine ambayo imekosa muvi mpya. Sisi huku hiyo vita ilitupita juu, hatukuisikia. Jamaa wa harusi alikuwa anafanya hesabu yake tu: mashine ya kuchoma Blu-ray ni ghali, diski tupu ni ghali, na bibi harusi hana pleya yake. Akabaki na DVD. Kabla bei ziteremke flashi ikaingia, TV zikaanza kuja na tundu la USB, sabufa nazo zikaja na tundu la USB, na hapo mchezo ukaisha. Leo mteja anakuja na flashi, anachagua muvi kwa orodha kwa kompyuta, nikimaliza kumuwekea anaenda, na jioni jirani yake anaiazima.

Kitu inanichekesha ni kwamba hizo pleya za Blu-ray zimejaa mtaani na watu hawajui. Ingia pahali popote vijana wanachezea gemu za mpira kwa PlayStation 4. Hiyo mashine ni pleya ya Blu-ray kamili, hata zile diski za gemu zenyewe ni Blu-ray. Nimeuliza wenye hizo sehemu kama washawahi kuweka muvi ndani, wananiangalia tu. Huko ng'ambo PlayStation 2 ndo ilipeleka DVD kwa nyumba nyingi na PlayStation 3 ikafanyia Blu-ray hivyo hivyo, huku kwetu mlango ulifunguka na hakuna mtu aliingia, juu hakuna diski ya kuazima kwa jirani.

Wengi hunijibu ati ni Netflix imeua diski. Netflix yenyewe ilianza na kutuma DVD kwa posta na ikaacha hiyo kazi Septemba 2023, sawa, lakini wateja wangu wengi hawana Wi-Fi, wanaishi na bando, na muvi moja ya picha safi inaweza kumaliza bando ya wiki. Kwa hao flashi ndo imeua diski. Hata wenye kutengeneza wameanza kutoka, Samsung ilisema 2019 haitoi tena pleya mpya za Blu-ray Marekani, na Februari 2025 Sony ikaacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray za kurekodia. Kama mwenye kitu amechoka nacho, wewe wa Manyatta unakimbilia wapi?

Sasa wale wachache. Diski za 4K, zile za kutoka 2016, zinabeba hadi GB 100, na picha pamoja na sauti yake inashinda ile ya kuvuta kwa intaneti, sitadanganya. Kama uko na TV ya 4K ya inchi 55 kwenda juu, spika za maana, na kuna muvi zako unarudia kila mwaka, agiza, ni haki yako, na diski ukinunua ni yako hata bando ikiisha. Lakini kama TV yako ni ya inchi 32, nyingi za hizo ni nukta 1366 kwa 768, hata Blu-ray ya kawaida ya 1920 kwa 1080 inapunguzwa ndo itoshee, sembuse 4K. Weka hiyo pesa kwa TV kwanza.

Na ukiagiza, heri jamaa wa Uingereza kuliko wa Marekani. Plagi yao ni kama yetu, stima yao inakaribiana na yetu, na Blu-ray za kawaida hufungwa kwa maeneo ya dunia, sisi na wao tuko eneo B, Marekani ni A, kwa hivyo diski ya huku inaweza kukataa kwa pleya ya huko. Za 4K zenyewe hazina mambo ya eneo. DVD ndo ziko na wazimu wake, Uingereza ni 2, sisi ni 5, ulizia kama pleya inacheza zote. Uliza pia fundi wako wa Kibuye kama lenzi yake inapatikana, juu vumbi haibagui, na lenzi ya DVD kila fundi alikuwa nayo kwa droo.

Ikifika, kabla uichomeke, igeuze usome nyuma. Ikiwa imeandikwa 100-240V, endelea. Ikiwa ni 120V peke yake tafuta transfoma, usiniletee ikiwa inanuka moshi, spea sina.